Nafasi ya Ishirini

Ligi kuu ya hoki ya barafuni ilipofunga milango yake mwezi wa Septemba, wenye timu wakiwafungia wachezaji nje kwa ugomvi wa mapato, watu wa mji mdogo wa Halvard walifanya kile ambacho watu wa jimbo la Saskatchewan hufanya wakifikwa na jambo: waliongeza kahawa. Kijiwe cha asubuhi pale mkahawani kwa Lam, ambacho siku zote huvunjika saa nne watu wakaangalie ng'ombe wao, sasa kilikuwa kinafika saa sita bila mtu kuinuka. Vikombe vilishushwa kwenye misumari ukutani, kila kimoja na jina la mwenyewe, na havikurudi mpaka Lam aanze kupitisha kitambaa mezani kwa hasira.

Doreen Kuzyk alikuwa mwanamke pekee mwenye kikombe kwenye ukuta ule, na hakukipata kwa kuonewa huruma. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akinoa viatu vya kutelezea barafuni, vyenye chuma chini, vya mji mzima, katika kichumba kilichoko chini ya ngazi za uwanja. Kuanzia watoto wanaojifunza kusimama hadi Wapuraji wenyewe, timu ya watu wazima ya Halvard, hakuna ambaye hakumjua kwa makali ya viatu vyake. Akikigeuza kiatu na kukielekeza kwenye taa, alikwambia mwenyewe anaegemea upande gani, anaogopa kugeukia wapi, na kama jana alilala vizuri. Hili la mwisho alikuwa anatia chumvi. Mengine yalikuwa kweli, na ukweli huo ulimfanya awe na uhakika wa kila jambo duniani, hata yale yasiyo na makali ya kutazama.

Jumanne hiyo ya Oktoba ubishi ulikuwa uleule. Merv Tollefson, mkulima wa ngano aliyestaafu na mwenyekiti wa Wapuraji, alikuwa upande wa wenye timu. Wao ndio waliojenga viwanja, alisema, wao ndio wanaobeba hasara, na mtu anayelipwa mamilioni kwa kufukuza kisahani juu ya barafu hana sababu ya kulilia mgawanyo wa mapato. Lionel Gaudet, aliyechimba madini ya potashi mpaka mapafu yakakataa, alikuwa upande wa wachezaji, na angekuwa upande wao hata wangedai wapewe mwezi. Mwaka mmoja mgodi ulimfungia lango siku themanini na moja, kwenye baridi ya kupasua miti, na tangu hapo hajawahi kumwona tajiri bila kujiuliza ufunguo ameuficha mfuko gani.

"Merv, wewe ungekuwa punje ya ngano ungemtetea mpuraji," Lionel alimwambia.

"Na wewe ungetetea hata mgomo wa kuku. Wasitage mpaka wapewe likizo ya Krismasi."

"Wakifungiwa banda, ndiyo, ningesimama nao."

Doreen aliwaambia wote wawili wanapoteza mate. Mgogoro utaisha kabla ya Krismasi, kwa sababu hakuna tajiri anayeweza kuvumilia viti vitupu wakati wa sikukuu, na hakuna mchezaji wa miaka thelathini anayeweza kuutupa msimu. Alisema hivyo kama mtu aliyekuwapo kwenye kikao chao. Mara ya mwisho ligi ilipofunga milango alisema maneno hayohayo, na msimu mzima ukapotea, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha, maana ndiye anayewanolea wajukuu wao.

Wakaingia kwenye usajili. Siku mbili kabla ya milango kufungwa, timu wanayoishabikia ilikuwa imempa kipa wa miaka thelathini na sita mkataba wa miaka sita. Merv alisema ni uzoefu. Lionel alisema ni kununua ng'ombe mzee kwa kupenda pembe zake. Doreen alisema kipa yule hajasukuma kwa mguu wa kulia tangu msimu wa juzi, ukimtazama kwenye televisheni utaona, na kama hamwoni basi nunueni miwani. Meza ikacheka, na hapo ndipo Merv, ambaye hakucheka, alipokiweka kikombe chini.

"Kuna usajili mwingine," alisema. "Corwin Fehr anataka kuvaa jezi yetu."

Corwin alikuwa mtoto wa Halvard, beki wa ligi kuu mwaka wa saba, na picha yake ilitundikwa juu ya dirisha la tiketi. Tangu milango ifungwe alikuwa nyumbani kwa wazazi wake akiendesha mashine ya kuvunia, na kila alfajiri alikuwa akiteleza peke yake uwanjani kabla ya jua. Anataka kucheza bila malipo, Merv alieleza, mpaka ligi yake ifunguliwe. Watu watatoka hata miji ya mbali kuja kumwangalia.

Furaha hiyo ilikuwa na mfupa ndani yake. Ligi ya Wapuraji inataka majina ishirini, yapelekwe kufikia tarehe mosi Novemba, na ishirini na moja haipo. Aingiapo mmoja, mmoja hutoka. Kila mtu mezani alijua jina la ishirini ni la nani, kwa hiyo kila mtu alitazama ndani ya kikombe chake.

Lilikuwa la Taras Kuzyk.

"Mwanangu hatoki," Doreen alisema, kwa utulivu wa mtu anayesema theluji itaanguka. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukimtoa Taras kwenye ile orodha umemtoa roho."

Merv alisema si yeye anayeamua. Timu ni ya mji. Jumamosi ni mlo wa bata mzinga wa kushukuru mavuno, katika ukumbi wa kanisa, na baada ya pai, kama ilivyo desturi, waliolipia viti vya msimu mzima watainua mikono.

"Mimi mkono wangu uko kwa Taras," Lionel alisema, na Merv akamgeukia kwa mshangao. Si yeye anayelia kila siku kwa ajili ya wachezaji waliofungiwa? Corwin si mmoja wao? Lionel alijibu polepole, maana pumzi zake zilikuwa za kuhesabu. "Kule namtetea. Lakini mtu aliyefungiwa mlango haendi kumfungia mwenzake. Hiyo tuliijua pale getini hata wale wasiojua kusoma."

Doreen alimpigapiga begani. Alihesabu mikono kichwani mwake, akaona inatosha, akarudisha kikombe kwenye msumari.

Jambo ambalo hakulisema mezani ni hili. Petro, mumewe, alivaa namba tisa ya Wapuraji misimu ishirini na miwili, na moyo wake uliposimama miaka minane iliyopita, jezi ile ilikwenda kwa Taras. Kila Jumapili mchana Doreen alikaa kiti chake cha safu ya tatu, na namba tisa iliporuka ubao wa pembeni kuingia barafuni, kwa saa moja na nusu nyumba yake haikuwa tupu. Hakukuwa na saa nyingine kama hiyo katika wiki nzima. Angegombana na mji wote kabla ya kuiachia.

Jumatano Corwin alikuja mwenyewe kichumbani, akainamisha kichwa ili asigonge ngazi. Alivua kofia kama alivyofundishwa utotoni, akaweka viatu juu ya kaunta.

"Mama Kuzyk, nimekuja kunolewa na mtu anayejua. Huko mjini wananipa makali ya mashine."

"Hata hapa ni mashine," Doreen alisema. "Tofauti ni anayeishika."

Akakigeuza kiatu cha kulia kwenye taa. Ukingo wa ndani ulikuwa umelika vizuri, wenye mapengo madogo ya kazi. Akachukua cha kushoto. Ukingo ulikuwa mkali bado, unang'aa, kama wa mtu aliyekaa benchi. Alirudia kuviangalia vyote viwili ingawa hakuhitaji. Wiki tano za kuteleza kila alfajiri, na mguu wa kushoto haujasukuma hata siku moja.

"Ni goti au ni nyonga?" aliuliza.

Kijana alikuwa mkubwa kiasi cha kuziba mlango, na ghafla alionekana wa miaka tisa. Akasema ni goti. Daktari wake binafsi amelipitisha, lakini yeye mwenyewe haliamini, na mtu hawezi kujua goti lake mpaka mtu mwingine amgonge. Mkataba wake unaisha mwakani. Ikifunguliwa ligi naye anachechemea, hakuna atakayempa mwingine. Alitaka mechi chache mahali ambapo hakuna kamera, ajue moja.

"Nakuomba, Mama Kuzyk. Usimwambie mtu."

"Ninachokiona kwenye jiwe la kunolea hubaki kwenye jiwe," Doreen alisema. Hiyo ilikuwa kanuni yake tangu siku ya kwanza, na kwa kanuni hiyo alijua ulevi wa mwalimu mmoja, mimba ya mwamuzi mmoja, na hofu za wanaume wengi wenye ndevu, na hakuwahi kufungua mdomo. Alimnolea, akampa viatu vyake, akamtazama akiondoka. Kisha alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafikiria kwamba sasa ana sentensi moja mkononi. Akiisema Jumamosi ukumbini, Corwin hatasajiliwa. Hata Merv hawezi kumwingiza mtoto wa watu barafuni na goti bovu.

Alhamisi mchana Taras alipita kuacha viatu vyake rafuni, akisema yuko njiani kwenda zamu ya mgodini. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mabega ya babake, na macho ya mtu anayelala kwa vipande. Wachezaji wote huacha viatu pale kila Alhamisi, na Taras hakuwahi kukosa.

"Mama, kuhusu hii kura ya Jumamosi..."

"Jumamosi niachie mimi. Ninao kumi na tisa wa hakika, na Lionel anazungumza na wale wa barabara ya kusini."

"Nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Huna haja ya kusema. Wewe fanya mazoezi. Kula vizuri, umekonda."

Taras aliviweka sawa viatu rafuni, akambusu mamake shavuni, akaenda zake. Doreen akaendelea kupiga soga na mama mmoja wa watoto mapacha aliyekuwa akisubiri.

Jumamosi asubuhi alinoa viatu vya Wapuraji wote, kwa sababu Jumapili ilikuwa mechi ya kwanza ya kupasha moto. Jozi kumi na tisa alizimaliza kabla ya saa tano. Alizisoma moja moja, akijua nani amekuja mazoezini na nani amedanganya. Kichwani alikuwa anaipanga ile sentensi. Haitakuwa usaliti, alijiambia, itakuwa kumlinda kijana asivunjike. Aliisema kwa sauti mara mbili, mara ya pili ikasikika vizuri zaidi.

Viatu vya Taras viliachwa mwisho, kama siku zote. Vya mwanawe hakuwa na haja ya kuvisoma. Alivinoa tangu vikiwa na urefu wa kidole, mkono ulijua njia, na mara nyingi alivinoa huku anaongea na mtu. Siku hiyo kichumba kilikuwa kitupu. Alikibana kiatu kwenye mashine, akanyoosha mkono kuwasha jiwe, na bila sababu yoyote akainamisha kichwa kutazama.

Mafuta yalikuwa bado yapo.

Kila anapomaliza kunoa, Doreen hupitisha kijiwe kidogo cha mkono kwa mshazari, kisha kitambaa chenye mafuta. Mistari ile ni kama nywele, na mafuta ni ukungu tu. Hatua mbili barafuni na vyote huwa vimekwisha. Kwenye chuma cha Taras mistari yake ilikuwa yote, imelala sawasawa, na ukungu wa mafuta ulikuwa haujaguswa hata kwa kidole. Alikifungua kiatu, akachukua cha pili. Kilikuwa hivyohivyo.

Doreen alikaa kwenye ndoo. Alichukua rula na kupima chuma, jambo ambalo hufanya kwa viatu vya watu wengine mara mbili kwa msimu. Tangu Septemba kilikuwa kimepungua upana wa punje ya shayiri. Barafu haikukila. Yeye ndiye aliyekila, wiki baada ya wiki, akinoa chuma kilichokwisha kunolewa, akikisaga chuma kizuri cha mwanawe kwa mapenzi. Mganga hajigangi, watu husema, na yeye alikuwa akiwasemea wengine methali hiyo mwaka mzima.

Alilia kidogo, kwa hasira kwanza, halafu si kwa hasira. Kisha akafunga kichumba kwa kufuli, akaenda nyumbani kubadili nguo, maana alikuwa ameahidi kuleta pai tatu za maboga.

Ukumbi ulijaa kufikia saa kumi na moja. Kulikuwa na bata mzinga kumi na wanne, sinia za majani ya kabichi yaliyoviringishwa, pirogi, yaani vitonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, zilizoogelea kwenye siagi na vitunguu, na wanaume waliokwisha kulegeza mikanda kabla ya kukaa. Watu walimpisha Doreen kwenye foleni, wakamkonyeza, mmoja akamwambia tuko nawe mama. Merv alikuwa meza ya mbele na familia ya Fehr. Corwin hakuwa anakula.

Taras alikuwa jikoni, kwa sababu kwenye mlo wa Halvard wanaume wa chini ya miaka arobaini ndio wanaoosha vyombo. Mikono ilikuwa kwenye povu hadi kwenye viwiko. Doreen alichukua taulo, akasimama pembeni yake, akafuta sahani tatu kabla ya kusema.

"Mara ya mwisho ulivivaa lini?"

Taras hakuuliza ni vitu gani. Alisuuza sahani, akampa.

"Machi. Mechi ya mwisho."

"Na Jumanne na Alhamisi, siku za mazoezi, ambapo kocha anadhani uko zamu?"

Akasema yuko Birch Hollow, maili kumi na nane, anafundisha timu ya wasichana ambayo bintiye Oksana anachezea. Hawakuwa na kocha. Alikwenda siku moja kumpeleka mtoto, akasimama barafuni na mabuti yake kuwaonyesha jinsi ya kusimama, na hakuweza tena kuacha. Huwa hatelezi hata kidogo, anasimama tu katikati na kupiga kelele. Aliposema hivyo alitabasamu, na Doreen akagundua kwamba hajaliona tabasamu lile kwa misimu kadhaa, hata Jumapili, hata namba tisa ilipofunga.

"Viatu ulikuwa unaleta vya nini, Taras?"

"Ningeacha kuvileta ungeniuliza."

"Ungenijibu basi. Mimi ni mamako. Kwa nini hukuniambia?"

Taras alizima maji. Alitafuta neno ambalo halitaumiza, na hakulipata, kwa hiyo akasema lililokuwapo.

"Nilijaribu mara nne, Mama. Kila mara ulikuwa na uhakika sana. Ukiwa na uhakika mtu hana pa kuingilia."

Doreen alifuta sahani ambayo tayari ilikuwa kavu. Alitaka kumwambia kuhusu safu ya tatu, na saa moja na nusu, na nyumba. Alipofungua mdomo alikuta Taras anamtazama kwa njia iliyoonyesha kwamba hilo pia anajua, na kwamba ndiyo sababu alivileta viatu vile wiki tano.

"Baba alikuwa anapenda kucheza," Taras alisema. "Mimi nilikuwa napenda kumwona akicheza. Nilichelewa kujua si kitu kimoja."

"Haya," Doreen alisema, akitundika taulo. "Basi twende, pai zinaisha."

Merv aligonga glasi kwa kijiko. Alieleza habari ya Corwin kwa maneno mazuri, akataja mapato ya langoni mara tatu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Lionel alikuwa amesimama kabla swali halijaisha. Alikuwa amejiandaa, karatasi mkononi. Alianza na lango la mgodi na siku themanini na moja, akaelekea taratibu kwenye haki ya mtu mdogo wa mwisho kwenye orodha, na ukumbi ukaanza kuguna kwa kukubali. Alikuwa anawachukua, hilo Doreen aliliona wazi. Zile kura kumi na tisa zilikuwa zimeshakuwa arobaini.

"Lionel," alisema, akisimama. "Ahsante, ndugu yangu. Keti."

Lionel aliketi, mdomo wazi. Ukumbi mzima ulimgeukia Doreen, ukisubiri moto. Kule mbele Corwin alimtazama akiwa ameshika meza kwa mikono miwili, na Doreen aliiona ile sentensi iko palepale ulimini, tayari, haina kazi tena. Akaimeza.

"Nimekuwa nikiwaambia wiki nzima mwanangu anataka nini," alisema. "Mwenyewe yuko pale mlangoni na aproni. Muulizeni."

Taras alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakuwa msemaji. Alisema nafasi ni yake na yeye ndiye anayeitoa, na alipaswa kuitoa tangu kiangazi. Halafu akamtafuta Lionel kwa macho.

"Mzee Gaudet, hakuna aliyenifungia mlango. Nimetoka mwenyewe kwa miguu yangu. Kwa hiyo sioni kwa nini Corwin asiingie."

Lionel alilitafakari hilo kwa uzito wote, kama kifungu cha mkataba. Kisha akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kuinuka. Merv, aliyekuwa ameshinda, hakujua afanye nini na uso wake. Doreen alisubiri mikono yote iwe juu ndipo akainua wake, na akaongeza kwamba ana sharti moja.

"Viatu vya Corwin nanoa mimi, na makali nitayachagua mimi. Barafu yetu si ya mjini. Atapata makali mafupi, yasiyong'ata sana, mpaka nitakaposema. Na siku nikisema hachezi, hachezi."

Watu walicheka. Walidhani ni Doreen yuleyule anayejua kila kitu. Corwin hakucheka, maana makali yasiyong'ata huliachia goti lipumzike. Aliinamisha kichwa, mara moja tu, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa heshima.

Kuhusu namba tisa, Merv alikuja baadaye na sahani ya pai kuuliza kama Corwin anaweza kuivaa. Doreen alimwambia asiichezee bahati yake. Jezi ile ilikaa sandukuni msimu ule, na Jumapili yake ya kwanza bila namba tisa ilikuwa mbaya kama alivyotarajia. Aliondoka kipindi cha pili akaenda kukaa kichumbani na taa imezimwa.

Jumanne aliikosa kahawa kwa Lam. Aliendesha maili kumi na nane hadi Birch Hollow, akiwa amefunga mashine ndogo ya kunolea nyuma ya gari. Uwanja wao ulikuwa mabati matupu, baridi ndani kuliko nje. Wasichana kumi na moja walikuwa wakianguka kwa zamu, na katikati yao mwanawe amesimama na mabuti, mikono hewani, akipaza sauti kwa furaha ambayo ilimpa Doreen aibu na kumpa faraja papo hapo. Hakumwita. Alikaa kwenye ubao baridi wa safu ya tatu mpaka mazoezi yakaisha, na aliposimama aligundua kwamba kwa muda wote ule hakuwa ameifikiria ile nyumba tupu.

Oksana, mwenye miaka saba, alikuja kwanza, akavua viatu na kumpa. Doreen aliuliza nani huwanolea. Hakuna, mtoto alisema, kuna bwana mmoja alikuwa ananoa lakini alihamia mji wa Regina. Chuma kilikuwa butu kama kijiko cha chai.

"Nikunolee vipi?" Doreen alimuuliza. "Unasukumia mguu gani?"

"Sijui, Bibi. Baba amesema wewe ukitazama utajua."

"Baba yako anasema mengi. Wewe unataka viwe vipi?"

Hilo Oksana hakuwahi kuulizwa. Alifikiri kwa muda mrefu, soksi zikilowa kwenye sakafu, akasema anataka visimkimbize sana lakini vimpe nafasi ya kugeuka upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kushoto ndiko rafiki yake hukaa. Doreen alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavaa miwani, akakigeuza kiatu kile kidogo kwenye taa, akakitazama pande zote mbili, na ndipo akawasha jiwe.